Mgeni Kanisani Atazamie Nini?



Kila Jumapili, katika makanisa yetu ya Musoma, Bunda na Butiama, huingia mtu ambaye hatumjui. Labda ni mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine. Labda ni mvuvi aliyehama mwalo mmoja kwenda mwingine kufuata samaki. Labda ni dereva aliyelala Bunda akiwa njiani kwenda Mwanza, au mtu aliyekwenda Butiama kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere, na Jumapili ikamkuta huko. Tena wapo waliozaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka kanisani, ila hawajapata kuvuka kizingiti chake. Hao wote twawaita wageni. Basi tujiulize: mtu wa namna hiyo atazamie nini kwetu? Nasi tunawiwa nini naye?

Tuanze na mambo mepesi, kwa faida ya yule ambaye hajawahi kufika. Katika ibada yetu mgeni atakuta watu wakisimama, wakiketi na kupiga magoti kwa zamu, na kiongozi akisoma sala kitabuni huku watu wakiitikia. Aliyelelewa kwa ndugu zetu Wamennonite, ambao wamekuwapo katika nchi hii ya Mara tangu mwaka 1934, huenda akashangaa kuona kwamba sala imeandikwa tayari. Aliyetoka kwa Wakatoliki atakuta mengi anayoyafahamu, kama kanzu ya kasisi, masomo na Meza ya Bwana, hata pengine akauliza tumeachana wapi. Msabato atashangaa kwanza kwamba ni Jumapili. Na asiye na dini yoyote atashangaa yote kwa pamoja. Hakuna ubaya. Mgeni halazimishwi kujua lini asimame. Atazame jirani yake, naye jirani ampe kitabu kilichofunuliwa ukurasa unaosomwa. Kikapu cha sadaka kikipita mbele yake naye hana kitu, akiache kipite. Sadaka si kiingilio. Na baada ya ibada, pakiwa na mnada wa mayai, ndizi, mtama au jogoo aliyetolewa sadaka, anaweza kusimama na kucheka na wengine bila kununua.

Hayo ni rahisi kuyaandika. Yaliyo magumu ni yale yanayotuhusu sisi wenyeji, nami nataka kuyataja machache kabla ya kufika kwenye lile lililo zito kuliko yote.

La kwanza ni desturi ya kuwasimamisha wageni wakati wa matangazo. Nia yake ni njema, kwa maana katika mila zetu mgeni hakai nyumbani mwa watu bila kutaja jina na atokako. Wengi hufurahi kusimama, kusema "Bwana asifiwe" na kupigiwa makofi. Lakini yupo mwingine aliyekuja kimya kimya kwa sababu amefiwa, au ana ugomvi nyumbani, au anaona aibu ya nguo zake. Kumsimamisha huyo mbele ya watu mia mbili si kumkaribisha. Afadhali anayepokea watu mlangoni amwulize kwa upole kama angependa kutambulishwa. Na akikataa, neno hilo liishie pale mlangoni.

La pili ni kiti. Huko Uingereza, katika karne ya 19, makanisa mengi yalikodisha viti. Mwenye fedha alikuwa na benchi lake, na maskini alikaa nyuma au kandokando. Walikuwapo Waanglikana waliolipinga jambo hilo kwa miaka mingi, na hatimaye likafifia. Sisi hatukodishi kiti kwa shilingi, lakini tunakodisha kwa mazoea. Mama fulani hukaa pale, mzee fulani hukaa hapa, na mgeni akikaa hapo hutazamwa mpaka ahame. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, aliwakemea waliompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini. Anayeondolewa kwenye benchi la mwenyewe anaonja maonjo yale yale.

La tatu ni lugha. Ibada yetu ni ya Kiswahili, na ni neema kubwa, maana Mara ina makabila mengi: Wajita, Wakurya, Wajaluo, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Wangoreme, pamoja na Wasukuma walio wengi upande wa Bunda. Lakini mara tu baada ya baraka tunatoka nje na kugawanyika makundi makundi, kila kundi na lugha yake. Mgeni aliyekuwa ndugu yetu kwa saa mbili anasimama peke yake chini ya mti, akisubiri mtu wa kumwuliza habari za safari. Hakuna aliyemfukuza, lakini amekwisha kupata jibu lake.

Sasa nifike kwenye lile lililo zito. Sote twaijua methali, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamaa ya Kiafrika hapakuwa na nafasi ya mtu wa kula jasho la wenzake. Nasi hupenda kuitumia kanisani: mgeni akizoea, aingie kwaya, afagie, asaidie ujenzi. Ni vema. Lakini methali hiyo ina upande wa pili, ambao hausemwi kwa sababu kila mtu anaujua. Mwenye kupewa jembe siku ya tatu, jioni hula chungu kimoja na wenyeji. Hakuna mji wa watu wema ambapo mtu hulima mchana na kuambiwa usiku kwamba chakula ni cha wenyewe.

Tuseme basi yupo mtu mwenye wake wawili, aliyeoa kabla hajalisikia Neno. Amekuja kanisani mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Amebeba mchanga na matofali wakati wa ujenzi. Hutoa fungu la kumi la mavuno yake. Watoto wake wanaimba kwaya. Lakini hajabatizwa, na watu wakienda mbele kwenye Ushirika Mtakatifu yeye hubaki kwenye benchi. Jembe tumempa, chakula hatujampa. Je, huyo ni mgeni au ni mwenyeji?

Kanisa letu limelipima swali hili kwa muda mrefu. Mkutano wa Maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1888 uliamua kwamba mwenye wake wengi asibatizwe, bali afundishwe na kungojea mpaka hali yake ibadilike. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Miaka 100 baadaye, Lambeth ya mwaka 1988 ililitazama jambo hilo upya, na sauti za maaskofu wa Afrika zilisikika sana, akiwamo Askofu David Gitari wa Kenya. Maaskofu walishikilia kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Lakini walishauri kwamba mwenye wake wengi anayeamini aweze kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa masharti. Aahidi kutooa tena maadamu yupo hai hata mmoja wa wake alio nao. Asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya hasara atakayoipata mwanamke huyo katika jamii. Na Wakristo wa mahali pale wawe wameridhia kumpokea. Maazimio ya Lambeth ni ushauri, wala si amri juu ya jimbo lolote. Dayosisi yetu ya Mara, iliyotoka katika Dayosisi ya Victoria Nyanza mwaka 1985, wakati huo ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Wapo kati yetu wanaolikataa wazo hilo kwa sababu inayostahili heshima. Katika kila mtaa yupo mzee ambaye hakupata mtoto, ndugu zake wakamshurutisha aoe mke wa pili, naye akakataa kwa ajili ya Kristo. Akadharauliwa katika ukoo miaka yote hiyo. Leo akimwona mwenye wake wawili amepiga magoti kando yake mbele ya Meza ya Bwana, anaweza kujiuliza, "Mimi niliteseka bure?" Swali hilo tusilipuuze. Wala haitoshi kumkumbusha mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, ingawa ni kweli unamhusu. Kuvumilia kwake kunalihubiria Kanisa zaidi ya mahubiri yetu mengi.

Lakini tutazame ni nani anayelipa. Yule mzee alilipa mwenyewe gharama ya utii wake, pamoja na mkewe. Tukimwambia mwenye wake wawili, "Mfukuze mmoja ndipo uingie," gharama ya kuingia kwake inalipwa na mwingine: mwanamke anayerudishwa kwao bila kosa, na watoto wanaokosa baba siku ile ile baba yao anapompata Baba wa mbinguni. Sidhani kwamba utakatifu wa mtu unaweza kununuliwa kwa mali ya jirani. Ahadi ya kutooa tena ni jambo jingine, kwa maana hiyo anailipa yeye mwenyewe.

Na hapa Mara twaweza kuliona jambo hili kwa macho. Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alikuwa na wake 22. Mwalimu, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa mtoto wa Mgaya, mke wa tano. Mwalimu mwenyewe alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1943, akaoa mke mmoja. Basi aliishika sheria ya ndoa ya Kikristo mtu aliyetoka katika nyumba ya tano. Anayesema kwa wepesi, "Abaki wa kwanza, wengine waende," na afikiri kwanza maana ya neno lake kwa mama wa nyumba ya tano na mtoto aliye mgongoni mwake.

Linalonigusa zaidi ni lile sharti la kuridhia kwa Wakristo wa mahali pale. Maana yake ni kwamba, hata maaskofu wakisema, bado neno linarudi kwenye mabenchi yetu. Wanaotakiwa kuridhia ni yule mama mwenye kiti chake, yule mzee asiye na mtoto, na wale wanaosimama makundi makundi chini ya mti. Tusiodiriki kumpa mgeni ukurasa wa kitabu, tutawezaje kuridhia apewe mkate?

Sisemi kwamba kila mlango ufunguliwe bila sharti. Nyumba isiyo na utaratibu haimsaidii hata mgeni. Nasema tuwe wakweli kwake mapema. Anayesema "karibu" ametoa ahadi. Na kama ahadi hiyo ina mpaka, mgeni ana haki ya kuujua tangu mwanzo, kabla hajabeba tofali la kwanza. Kumwacha abebe miaka kumi huku tukinong'ona mambo yake nyuma ya jengo ni kumkosea.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kanisa katika kila mtaa wafanye mambo mawili. Kwanza, wawekwe watu wawili mlangoni kila Jumapili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wenye kazi ya kumkalisha mgeni, kumpa kitabu, na kumsindikiza nje baada ya ibada mpaka apate mtu wa kuzungumza naye. Pili, wakae na kasisi waandike majina ya wale waliokaa kwetu miaka mingi bila kubatizwa au bila kufika kwenye Meza ya Bwana. Kisha wawatembelee nyumbani mwao, wawasikilize, wake zao pia wasikilizwe wenyewe kwa vinywa vyao, na habari hizo zipelekwe kwa Askofu kwa utaratibu.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huenda hao tunaowaandika ndio watakaotuponya. Mungu atupe moyo wa kuwasikiliza.