Aibu Inayomlinda Mpigaji

Jirani yangu mmoja hapa Mumbuni alimtunza mama yake peke yake hadi nguvu zikamwishia. Bibi huyo alikuwa amefikia hali ya kuamka usiku wa manane, kufungua komeo na kushuka bondeni kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Binti huondoka alfajiri kwenda kuuza mboga Machakos mjini. Mume hana, na kaka zake wako Mombasa na Nairobi, simu zao huita tu bila kupokewa. Akampeleka mama kwenye makao ya wazee, nje ya kaunti yetu. Siku moja akaenda bila kutoa taarifa, akamkuta uani kwenye kiti cha mbao, mikono yote miwili imefungwa kitini kwa leso, ngozi ya vifundo imechubuka. "Tunamfunga asianguke," mhudumu akamwambia, wala hakushtuka kuulizwa.

Akamrudisha mama nyumbani, akaita kikao cha ukoo. Alitaka kitu kimoja tu: wazee wawili wamsindikize akaandikishe malalamiko. Mimi niliitwa kama jirani. Kikao kilikula alasiri nzima, na aliyejadiliwa ni yeye. "Mwanangu, mama hapelekwi kwa wageni," mzee wa ukoo akasema. "Ungekaa naye, nani angemfunga?" Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona mikono ya bibi, na bibi alikuwa chumba cha pili. Tukafunga kwa maombi, na binti akatozwa mbuzi.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, na msomaji asitarajie niipoze. Ninalotaka kujua ni jinsi kosa lilivyohama. Aliyefunga leso yuko kazini kwake, hana neno. Aliyemwamini ndiye aliyelipa faini. Kosa lilipita njia gani likatoka kwenye mkono na kutua kwenye moyo wa mtu ambaye hakuwapo?

Kuhusu maana ya dhuluma yenyewe sitapoteza wakati. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa tendo, au kukosa kutenda, kunakomuumiza mzee mikononi mwa mtu aliyestahili kuaminiwa, na hiyo inatosha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema mzee ni aliyetimiza miaka 60. Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa dola. Familia na dola, wote wawili wametajwa. Shirika hilo hilo la afya linaeleza kwamba katika tafiti zilizofanywa kwenye makao, wahudumu wawili kati ya watatu walikiri wenyewe kwamba walimdhulumu mzee katika mwaka uliotangulia. Kwa hiyo tuliache swali la kama mambo haya yapo. Hapa kwetu mwaka 2023 BBC Africa Eye ilirusha filamu iliyopigwa kwa siri kwenye makao ya wazee ya Thogoto, kule Kikuyu, ikionyesha wazee wakipigwa na kutelekezwa. Niliisikia ikizungumzwa dukani na kwenye matatu. Fimbo ilichukua dakika mbili za mazungumzo. Safari yote iliyobaki walijadiliwa watoto wa wale wazee, ni watu wa namna gani hawa.

Basi nilijadili pingamizi lenyewe, maana limenikosesha usingizi. Linasema hivi: nyumba za wazee ni uzungu, Mwafrika hamtupi mzazi wake, na yanayotokea humo ndiyo malipo ya kuacha mila.

Kwanza, tazama tunavyofanya kwa watoto. Katika nchi hii mtoto wa darasa la nne anafungiwa sanduku, anapelekwa shule ya bweni, anakabidhiwa kwa watu ambao mzazi hawajui hata majina. Bweni nalo lililetwa na wamishonari na wakoloni, halikuletwa na babu zetu. Siku matroni akimchapa mtoto hadi akavimba, wazazi hukodi matatu, huvamia ofisi ya mwalimu mkuu, na chifu huitwa. Hujapata kusikia mzee wa ukoo akimwambia mzazi, "Ungekaa naye nyumbani, nani angemchapa?" Tunajua vizuri kabisa kwamba kumkabidhi mtu kwa wengine si kuwapa ruhusa ya kumuumiza. Tunalijua hilo mpaka anayeumizwa awe na mvi, hapo tunalisahau.

Pili, huko nyumbani kunakosifiwa. Kule Ganze, Kaunti ya Kilifi, kuna mahali panaitwa Kaya Godoma, ambapo wazee hukimbilia kuokoa maisha yao. Hawakimbii wahudumu wa makao. Wanakimbia watoto wao, wapwa wao na wajukuu wao, waliowaita wachawi, na mara nyingi chini ya uchawi huo kuna shamba linalotakiwa kugawanywa. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashutumu uchawi. Walikuwa vijijini mwao, katikati ya watu wao, ndani ya hizo mila. Anayesema mzee yuko salama kwa sababu yuko kwao ajibu hilo kwanza, ndipo tuendelee na hadithi za zamani.

Tatu, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi, hebu tuulize ni nani hasa asiyemtupa mzazi. Wanaume waliozungumza katika kikao kile wana mama zao, na mama hao wanaogeshwa na kulishwa na wake za watoto au na mabinti walioachika. Kauli ya kwamba Mwafrika hamtupi mzazi, ukiiteremsha kutoka jukwaani hadi jikoni, inamaanisha kwamba kuna mwanamke fulani haendi sokoni. Mila hiyo inafanya kazi kwa jasho la mtu ambaye hakuulizwa. Jirani yangu hakuvunja mila yoyote, alichoka tu, naye alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya watu ambao wangepaswa kuchoka kabla yake. Kaka zake hawakutozwa hata kuku.

Tena wako wazee wasio na mtoto wa kulaumiwa. Nenda Mji wa Huruma kule Nairobi, au Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, au uvuke hadi Unguja kwenye makao ya Sebleni na Welezo ya serikali ya Zanzibar, uwaeleze wasio na ndugu hata mmoja kwamba pingamizi letu linawataka warudi kwao. Kwao wapi?

Na jambo la mwisho juu ya huu uzungu. Dada zetu wanatoka vijiji hivi hivi kwenda kutunza wazee wa watu Marekani, Uingereza na Ghuba. Wanasomea kazi hiyo, wanafanya mtihani, wanapata cheti. Wanajua jinsi ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, jinsi ya kumlisha asiyeweza kumeza, na kwamba kumfunga mtu kitini huko kunaweza kumfikisha mhudumu mahakamani. Ujuzi huo tunauuza nje na kuishi kwa pesa zinazotumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi, kisha tunasema kutunza mzee kwa malipo si jambo letu.

Yapo mapingamizi ya haki zaidi. Mhudumu mmoja akiachiwa chumba kizima usiku kucha kwa mshahara wa kununulia unga tu, yeye mwenyewe amedhulumiwa, na ukaguzi mkali unaweza kuyafunga makao machache tuliyo nayo. Ni kweli.

Lakini kilichobaki kinanisumbua kuliko hayo. Mhudumu wa aina ile huwa na jibu jingine, analolisema kwa sauti ya chini: "Hata hatakumbuka." Na kweli, kufikia jioni bibi alikuwa amekwisha sahau. Ukimuuliza vifundo vyake vimefanya nini, anavitazama kama vya mtu mwingine. Sasa, ikiwa aliyeumizwa hana tena kumbukumbu ya kuumizwa, uovu umekaa wapi?

Hapa siwezi kumpita John Mbiti, na wanaonijua wanajua nikianza naye simalizi. Alizaliwa 1931 huko Mulango, Kitui, akafariki 2019 Uswisi, na katikati aliandika kitabu cha 1969 kilichosomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima, *African Religions and Philosophy*. Alikitafakari Kikamba chake, nyakati za vitenzi vyake, akadai kwamba kwa Mwafrika muda una pande mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Mtu anapokufa haondoki mara moja. Anaendelea kuishi katika Sasa maadamu yuko aliyemjua na kumtaja kwa jina. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Wanafalsafa wengine wa Afrika wamemshambulia, hasa kwa kusema Mwafrika hana wakati ujao wa mbali, na ninadhani wako sahihi, kwa sababu mama yangu alipanda miembe akijua hataila. Lakini mzee wa Mulango hakuwa mtu wa kuishia kwenye nadharia. Uzeeni mwake, akiwa mbali na ukavu wa Kitui, alikamilisha kazi ya kulitafsiri Agano Jipya katika Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, likachapishwa 2014. Mwenye miaka zaidi ya 80! Ninapenda kumfikiria akichagua kitenzi.

Nimtumie basi. Kwa Mbiti, uhai wa mtu baada ya kifo umehifadhiwa kwa wanaomkumbuka. Bibi wetu amegeuza mpango huo: yuko hai, anapumua, ila kumbukumbu yake imetangulia Zamani, na aliyobakiwa nayo ni ile iliyo ndani yetu. Kama ni hivyo, leso ile ilimfunga pia mke wa fulani, mkunga aliyewapokea nusu ya watu waliokaa kikaoni, mwanamke aliyekuwa akipika muthokoi kwenye harambee za kujenga shule. Uovu umekaa kwetu tunaokumbuka. Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimepata jibu.

Kisha nikaona nyufa. Wazo hilo linamwacha nje yule asiye na wa kumkumbuka. Mbiti hakuficha kwamba katika fikra hizo asiye na kizazi yuko hatarini. Je, mzee wa Kasarani asiye na ndugu afungwe leso kwa kuwa hakuna anayehifadhi jina lake? Hapana, na kila mtu anajua ni hapana, lakini sababu ya hapana hiyo haitoki katika kukumbukwa. Nikajaribu heshima. Heshima tuliyofundishwa kuwapa wazee ilikuwa na mizizi: mzee ana baraka, mzee ana kiumo, laana inayoweza kukufuata hadi kaburini, na mzee ana hati ya shamba. Bibi huyu hawezi kubariki wala kulaani akajua amemlaani nani, na shamba liligawanywa. Ikiwa tulimheshimu kwa ajili ya alichokishika, mikono yake sasa ni mitupu, na labda ndiyo maana ilifungika kirahisi.

Basi inapaswa kuwepo stahiki isiyotegemea kumbukumbu, wala ukoo, wala baraka, wala shamba. Dini zetu zinaitaja na Katiba imeiandika. Mimi siwezi kuonyesha inasimama juu ya nini. Ninachoweza kuonyesha ni pale inapovunjika. Jirani yangu aliwahi kukaa pale makao hadi saa ya chakula. Walileta isyo, mahindi na maharagwe makavu, yakawekwa mbele ya wanawake wasio na meno. Bibi mmoja aliviringisha punje moja kwa ulimi kwa muda mrefu, kisha akaitema kiganjani na kuiweka pembeni mwa sahani kwa adabu. Baada ya muda sahani zikakusanywa zikiwa zimejaa, na kwenye daftari mhudumu akaandika: amekataa kula. Hakuna kofi lililopigwa. Hakuna mila iliyovunjwa ambayo mzee wa ukoo angeweza kuitaja. Na ukweli wa daftari ungesimama mahakamani, kwa sababu aliyeshuhudia ni mtu ambaye tayari anaona aibu kuwa alimleta mama yake pale.

Aibu hiyo ndiyo ninayoishtaki. Mwenye haki ya kulalamika ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo anazungumza kwa kunong'ona, analipa ada kwa wakati, anamshukuru meneja. Kila mahubiri juu ya watoto waliotupa wazazi yanampa meneja huyo mwaka mwingine bila maswali. Sisemi makao ni mahali pema. Sijui kama ningempeleka mama yangu, na sidhani kujua kwangu kungesaidia chochote.

Wewe uliye na mzazi mahali kama hapo, usiende Jumapili baada ya ibada, wanapokutarajia. Nenda siku ya kazi, saa ya chakula cha jioni, ukae hadi sahani ziondolewe. Uliza jina la anayelala zamu na idadi ya wazee anaoachiwa. Inua leso na blanketi, utazame vifundo, mgongo na visigino. Ukikuta alama, piga picha, andika tarehe, mpeleke hospitali, na siku hiyo hiyo uende kituo cha polisi uchukue nambari ya OB na fomu ya P3. Ndugu utawaarifu baadaye.