Chombo na Mwenye Chombo

Mwaka 1967 George Lucas, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, alitengeneza filamu ya majaribio ya dakika 15 hivi. Ndani yake mtu mmoja anaukimbia mji ambao watu huitwa kwa herufi na tarakimu, na mitambo humfuatia kila apitapo.

Huenda mtu akauliza: vipi ailaumu mitambo kwa kamera, nayo kamera ni mtambo? Swali hili ni la haki. Lakini kisu hakilaumiwi kwa ukali wake. Huulizwa mkono uliokishika. Kijana yule aliishika kamera ili tujitazame. Na tukitazama vyema, aliyefungwa si mkimbizi peke yake. Wale wanaomwinda wakiwa wamekaa mbele ya mitambo, wakisoma tarakimu bila ya kujiuliza amekosa nini, wamefungwa zaidi. Maana yeye angalau anajua kuwa yumo kifungoni.

Leo simu zimo mikononi mwetu usiku na mchana. Basi kila mmoja wetu ajiulize: mimi ndiye ninayeituma, au ndiyo inayonituma?