Mti, Moshi na Ilhamu

Kila mtunzi, mkubwa kwa mdogo, huulizwa suali moja na wasomaji wake: maneno haya umeyatoa wapi? Malenga wa mwambao walikuwa na jibu la adabu. Kabla ya kuingia katika kisa, mtunzi wa utenzi aliomba aletewe wino na karatasi, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, akamswalia Mtume, kisha akaomba apewe kauli iliyonyooka. Kwa kufanya hivyo alikiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba neno si lake peke yake, na kwamba kazi ya kuliandika ni yake. Ilhamu hushuka, wino hununuliwa.

Baina ya mambo hayo mawili pamejificha suali jingine, nalo si la sanaa tu bali ni la maadili. Ikiwa neno hutoka ghaibu, aliyelipokea ana dhima gani? Je, aseme kama asemavyo mjumbe, ambaye wahenga walituambia kuwa hauawi, kwa kuwa yeye kaleta tu alichotumwa? Au anadaiwa kitu na mahali alipolipata neno, na watu wa mahali hapo?

Wapo walioifanya ilhamu kuwa ibada kamili. Ulaya ya kale ilikuwa na madruidi, waliokuwa makuhani, waamuzi na walimu wa makabila ya Wakelti. Julius Caesar, aliyepigana na makabila hayo katika karne ya kwanza kabla ya Masihi, aliandika kwamba wanafunzi wa madruidi walihifadhi beti nyingi mno, hata wengine wakakaa masomoni miaka 20, na kwamba waliona si halali kuyatia mafundisho yao katika maandishi. Plinio, mwandishi mwingine wa Kirumi, alisimulia jinsi walivyouheshimu mti wa mwaloni. Mwaka 60 au 61 jeshi la Roma lilivuka maji likashambulia kisiwa cha Mona, ambacho leo huitwa Anglesey, na vichaka vyao vitakatifu vikakatwa. Maadam hawakuandika, hakuna hata ubeti wao mmoja uliotufikia. Watu wa visiwani wanaweza kuelewa vyema msiba huo: maktaba iliyokuwa vifuani mwa watu imezikwa pamoja nao.

Zaidi ya miaka 1,700 baadaye, fundi mmoja wa kuchonga mawe kutoka Wales, Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, aliwakusanya washairi wenzake juu ya kilima cha Primrose Hill, London. Hiyo ilikuwa mwaka 1792. Alifungua baraza la washairi na kudai kwamba taratibu zake zimerithiwa kutoka kwa madruidi wenyewe. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa aliitunga yeye, na baada ya kufa kwake mwaka 1826 wataalamu walikuja kuthibitisha kuwa hata baadhi ya mashairi aliyoyanasibisha na Dafydd ap Gwilym, malenga mkuu wa Wales wa karne ya 14, yalitoka katika kalamu yake Iolo. Hata hivyo, baraza lile halikufa. Mpaka leo ndilo linalosimamia hafla za kuwatunza washairi katika tamasha kuu la lugha ya Wales.

Neno ambalo Iolo alilipenda kuliko yote, awen, yaani ilhamu, yeye hakulibuni. Washairi wa Wales walikuwa wakilitumia karne nyingi kabla yake. Leo watu wanaojiita madruidi, wenye jumuiya zilizoundwa katika karne ya 20, wameliweka neno hilo katikati ya ibada yao. Katika mojawapo ya jumuiya hizo, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1964, daraja la kwanza la mwanafunzi ni daraja la mshairi. Hufundishwa kuusikiliza mti na mto, kuyaangalia majira, na kuipokea awen katika mambo madogo ya kila siku.

Mtu mkali atasema kuwa nasaba ya uongo haiwezi kuzaa shairi la kweli. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Watu wameandika mashairi mazuri chini ya kivuli cha mti uliopandwa na mwongo. Basi ni dhahiri kwamba ilhamu haipimwi kwa ukongwe wa chimbuko lake. Iwapo haipimwi kwa chimbuko, ipimwe kwa nini?

Kwa suali hili si lazima kubaki chini ya mwaloni. Iko nchi ya mibuyu na migunga, kusini mashariki mwa Ziwa Viktoria, ambako suali lenyewe limekuwa la uhai na mauti. Nchi hiyo ni Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Makao yake makuu ni mji wa Bariadi, katika nchi ya Ntuzu. Wenyeji wengi ni Wasukuma. Katika lugha yao neno sukuma ni jina la upande wa kaskazini, lakini sikio la mshairi wa pwani haliachi kusikia ndani yake neno msukumo.

Na msukumo wa kutunga upo kwa wingi. Makundi mawili makuu ya ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu, hujinasibisha na waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao husimuliwa kuwa walishindana kwa dawa na kwa nyimbo. Mavuno yakishaingia ndani na kiangazi kikatanda, makundi mawili husimama katika uwanja mmoja, kila moja na manju wake, nayo hucheza kwa wakati mmoja. Kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Hakimu wa wimbo ni miguu ya watazamaji. Ndiyo maana manju huenda kwa mganga kutafuta dawa ya mvuto, na ndiyo maana mtunzi huheshimiwa kama mtu aliyeguswa na wahenga wake. Druidi wa Uingereza akisimama pembeni ya uwanja huo angetikisa kichwa kwa kuelewa.

Lakini manju huyo huyo ni mkulima. Katika ngoma ya bugobogobo jembe si pambo. Ngoma yenyewe imezaliwa shambani, pale vijana walipolima kwa safu na wimbo ukawapa mwendo mmoja wa mikono. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Humo zimo za wapagazi waliobeba mizigo kwenda pwani, za wawindaji wa nungunungu, za mafundi wa nyoka, za wapuraji nafaka na za wakulima wa pamba. Mizimu imo, lakini imekaa ubavuni mwa jembe na mzigo wa kichwani.

Jambo hili si geni kwa mtu wa mwambao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, husifiwa kwa kuwa aliutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake akauingiza sokoni na majumbani mwa watu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, alitembea akiuza vyungu kabla hajawa sauti ya Unguja, na nyimbo zake zilibeba kesi na dhuluma za mitaa aliyopita. Hakuna aliyewahi kusema kwamba vyungu vilimpunguzia kipaji. Huenda ndivyo vilivyompa.

Mpaka hapa ghaibu na maisha ya kila siku yanaonekana kama ndugu wawili wanaokula sahani moja. Si kila siku hupatana.

Wasukuma humkumbuka mtu mmoja wa zama za Wajerumani, Ng'wanamalundi, aliyekuwa mchezaji na kiongozi wa ngoma. Habari zake zimechanganyika na visa mpaka ni vigumu kuvitenganisha. Kisa kinachopendwa kuliko vyote ni kuwa akiunyooshea mti kidole, mti hukauka. Wajerumani walimkamata na kumpeleka mbali, naye akarudi, na jina lake likazidi kukua. Ni kisa kizuri, cha mnyonge mwenye uwezo asioweza kunyang'anywa. Hata hivyo kina jambo la kutisha ndani yake. Kidole kinachonyooshwa, na kitu kilicho hai kikanyauka: katika nchi hiyo hiyo, kwa miongo mingi, kidole hicho kimenyooshewa bikizee.

Habari hii inajulikana na imeandikwa mara nyingi. Katika mikoa ya Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mojawapo ya dalili zilizotajwa ni macho mekundu. Mwenye mtoto mgonjwa au ng'ombe aliyekufa huenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli humpa ishara. Ishara hutafutiwa mtu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 balaa likawageukia watu wenye ualbino, viungo vyao vikatafutwa kwa dawa za utajiri, hata Januari 2009 Serikali ikasimamisha leseni za waganga wa jadi. Ghaibu ile ile iliyompa manju wimbo wa mvuto imempa mwingine sababu ya kunoa panga.

Na macho mekundu ya bikizee yametoka wapi? Yametoka jikoni. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilifyekwa miti: kwa amri za wakoloni za kuangamiza mbung'o, kwa kupanua mashamba ya pamba, kwa kuni na mkaa. Mtu asiye na kuni hupikia mabua na samadi iliyokaushwa. Moshi wake ni mzito, na nyumba ni ndogo. Mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka 40 au 50 atakuwa na macho gani? Mti ulikatwa, kuni zikakosekana, moshi ukajaa, macho yakawa mekundu, wekundu ukasomwa kama ishara, na panga likafuata.

Hapa ndipo suali la ilhamu linapopata mizani yake. Kuna jicho linalotafuta ishara, na kuna jicho linaloona moshi. Jicho la kwanza hutazama kitu ili lipite ng'ambo yake. Kwake macho ya bibi si macho, ni maandishi ya ulimwengu mwingine. Jicho la pili hukaa pale pale, huuliza jiko liko wapi, dirisha liko wapi, kuni ziliisha lini. Mshairi hulelewa kulipenda jicho la kwanza, kwani ndilo linalompa mafumbo. Lakini fumbo lisilopita kwanza katika moshi ni hatari, hata liwe na vina vitamu namna gani.

Yamkini mtu atapinga: je, huku si kumvua mshairi kanzu yake na kumvisha koti la bwana afya? Ukishasema ni moshi, ajabu imekwisha, na bila ajabu hapana shairi. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu ni kweli kwamba dunia iliyoelezwa yote haina wimbo. Lakini lau mtu angekaa jikoni mwa bibi huyo asubuhi moja, angeona kuwa ajabu haikwisha. Ajabu ni kwamba mtu aliyelisha wajukuu kwa moto wa samadi, akaziba moshi kwa uso wake ili wao wale, ndiye waliyemwogopa. Hakuna mzimu uliowahi kutoa kisa kizito kuliko hicho. Jicho la moshi halikufukuza ghaibu. Limeizuia tu isiseme uongo juu ya mtu.

Wala si kweli kwamba heshima ya mti lazima izae ramli. Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili: kipande cha ardhi hufungwa mvua zinapoanza, majani na miti vikaachwa, ili ndama na maksai wapate chakula wakati wa ukame. Desturi hiyo ilidhoofika, khasa baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliifananisha Shinyanga na jangwa; wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya mkoa huo. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Haukuleta dini mpya ya miti. Uliwauliza wazee, ukairudisha ngitili. Eneo lililohesabiwa mwanzoni lilikuwa hekta zipatazo 600. Miaka ya mwanzo ya 2000 lilikuwa limepita hekta 300,000. Kuni zikasogea karibu na nyumba.

Druidi angesema miti ile ina roho. Mkulima wa Bariadi pengine atasema ina mizimu ya babu zake, na Mwislamu wa Unguja atasema nayo yamsabihi Muumba wake. Kila mmoja na imani yake, na mshairi ana haki ya kuchota katika kisima cha imani anayoijua. Anachodaiwa ni kimoja. Kabla ya kuuliza mti una siri gani, na aulize nani anapika bila kuni. Kabla ya kumwomba bibi hadithi za mizimu, na aingie jikoni kwake, ainame pamoja naye penye moshi, mpaka macho yake yeye mwenyewe yawe mekundu.