Uzito wa Herufi na Uzito wa Neno

Mtu hupaza sauti kwa koo. Maandishi hupaza sauti kwa unene wa herufi. Msafiri atokaye Masasi, akapanda uwanda wa Makonde mpaka Newala, hulakiwa njiani na herufi nene, ndefu, zilizobanwa mbavu, katika vibao vya maduka, katika matangazo ya mikutano na nyusoni mwa mabasi. Herufi ndogo husubiri kusomwa. Hizi humshika mpita njia mkono. Kwa hivyo huzuka swali la insafu: je, jambo lililoandikwa kwa kishindo lina haki ya kuaminiwa zaidi?

Asili ya herufi hizo ni haja. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Ulaya na Marekani walitaka matangazo ya kubandikwa ukutani, yasomwe kutoka mbali na mtu aliye katika mwendo. Herufi kubwa za madini zilikuwa nzito na za gharama. Mwaka 1828 Darius Wells wa New York alitoa orodha ya herufi za mbao, na kazi ikawa nyepesi. Mwaka 1965 herufi iitwayo Impact, iliyobuniwa na Geoffrey Lee, ilitolewa na kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, Uingereza. Baadaye iliingizwa katika kompyuta, ikafika mikononi mwa watu wengi wasiojua jina la mbunifu wake.

Kiswahili kina haja yake maalumu. Neno lake moja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo. "Tutakapowakaribisha" lina herufi 19. Fundi wa vibao mwenye ubao mwembamba ana njia mbili: kupunguza kimo cha herufi hata mzee asizione, au kuzibana mbavu na kukihifadhi kimo. Jina la kanga nalo hutiwa katika mstari mmoja karibu na pindo, nalo hutaka kusomwa na mtu aliye nyuma ya mvaaji. Kubana herufi, basi, huweza kuwa adabu kwa msomaji wa mbali.

Lakini ubanaji una mpaka. Mchonga vinyago wa Kimakonde ajua kuwa umbo hutokea katika mpingo kwa kile kinachoondolewa. Asipotoboa panapostahili, hubaki na gogo. Herufi nayo ni hivyo. Weupe ulio tumboni mwa A, B na O ndio uhai wake. Unene ukizidi, matundu huziba: 3 hushabihiana na 8, na 5 na 6. Hapo kelele hugeuka ububu.

Kosa hilo la mkono lina ndugu yake wa moyo. Korosho ni riziki kubwa ya Masasi na Newala, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioingia katika zao hilo mwaka 2007, huiuza kwa mnada. Bei ya mnada siyo fedha yote imfikiayo mkulima, maana yako makato. Mathalani, tangazo likiandika bei kwa tarakimu nene za kimo cha shubiri, na makato kwa herufi za ukubwa wa siafu chini ya karatasi, halina neno la uongo. Lakini uongo umesemwa. Kila tarakimu ni kweli, mizani yake ndiyo batili. Mkulima asomaye kwa taabu, amesimama juani na gunia lake, hupewa tumaini kwa herufi kubwa na hunyang'anywa kwa herufi ndogo.

Wako wasemao kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hivyo watu wa kweli na waiepuke herufi nene. Hoja hiyo ina nusu ya haki. Neno HATARI juu ya mfuko wa dawa ya mikorosho halifai kunong'onezwa. Kunyamaa hapo ni dhambi kuliko kelele.

Atumiaye herufi nene amekopa macho ya mpita njia bila ya kuomba ruhusa. Deni hilo hulipwa kwa mambo mawili: matundu yaachwe wazi ili herufi isomeke, na sharti liandikwe kwa kimo kinacholingana na ahadi ili neno lipimike. Herufi ina haki ya kupaza sauti pale tu inapomwachia msomaji nafasi ya kuuliza.