Dawa Kabla ya Sanda

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada: Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu wajitibu, kwani kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Basi fakiri mwenye cheti cha daktari mkononi, wala hana thamani ya dawa, afanyeje? Asione haya kusema haja yake, wala asinywe nusu ya kipimo ili dawa isimwishie. Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, fakiri, maskini na mdeni wamo katika mafungu 8 yenye haki ya zaka. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Misri, mwaka 1284, aliiwekea wakfu, wakatibiwa humo tajiri na maskini bila ya malipo.

Leo majirani humchangia maiti sanda na hitima; alipokuwa hai akikosa dawa, walinyamaza. Enyi Waislamu, mchango huo na utangulizwe! Mwenye mali na amwendee mgonjwa wa mtaani kwake kabla hajaombwa. Wabillahi taufiki.