Kasisi Katika Seneti

Juni 2004, Ronald Reagan alipoagwa katika Kanisa Kuu la Taifa mjini Washington, aliyepanda mimbari kuhubiri alikuwa wakili na seneta mstaafu: John Danforth wa Missouri.

Mimbari haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1963 alitoka Yale na shahada mbili, ya sheria na ya theolojia, akawa kasisi wa Kanisa la Episkopali. Baadaye akawa mwanasheria mkuu wa jimbo, kisha seneta kwa miaka 18, hadi 1995.

Je, anayeamini kwamba Mungu ana neno juu ya jambo fulani aruhusiwe kumtungia sheria jirani asiyeamini hivyo? Mwaka 2005 Danforth alikikemea chama chake, Republican, kwa kugeuzwa mkono wa kisiasa wa Wakristo wahafidhina. Muumini mnyenyekevu, alishikilia, hadai kwamba sera zake ndizo za Mungu.

Maneno mazuri, ila yeye mwenyewe alipinga utoaji mimba miaka yote ya useneta. Halafu mwaka 2006 akaipigia debe kura ya maoni ya Missouri ya kulinda utafiti wa seli shina, zikiwemo za viinitete. Wapinzani wakamkaba: kwa nini sheria ikilinde kilichomo tumboni, ikiache kilichomo kwenye kisahani cha maabara? Kwake, kumfunga mwanasayansi kwa ajili ya chembe ambazo hazijawekwa tumboni ni kuitia imani ya dhehebu moja kwenye sheria ya jinai. Lakini mpaka huo kati ya tumbo na kisahani nao umetokana na imani fulani kuhusu uhai unaanzia wapi.

Swali hilohilo alikutana nalo Sudan, alikotumwa na Rais Bush kama mjumbe wa amani mwaka 2001. Julai 2002, huko Machakos, Kenya, chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, serikali ya Sudan na waasi wa kusini walikubaliana: sharia itawale kaskazini, isiiguse kusini. Ramani ikabeba mzigo ulioishinda hoja. Hata hivyo, Wakristo wengi wa kusini walikuwa wakiishi Khartoum, mji mkuu ulioko kaskazini.

Missouri haikuwa na hata ramani hiyo. Mkatoliki na asiye na dini wanakaa mtaa mmoja, na hospitali yao ni ileile. Kura ilipita kwa tofauti ndogo sana, na karibu nusu ya wapiga kura wakabaki chini ya kanuni ambayo dhamiri zao ziliikataa. Unyenyekevu wa Danforth haukuwaondolea hilo.