Je, Kupanda Mpapai Kambini ni Kukosa Imani?



Liko swali linalorudi mara nyingi katika vikundi vyetu vya maombi: mtu anayepanda mpapai hapa kambini, je, amekata tamaa ya kurudi nyumbani? Wengine husema mwenye imani hapandi mti ugenini, kwa maana Mungu atamtoa kesho. Swali hili si dogo. Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, wakati wengi walipovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita Kivu ya Kusini. Watoto waliozaliwa hapa miaka ile sasa ni wazazi. Basi tungoje kwa namna gani?

Tufungue Yeremia, sura ya 28 na ya 29. Baada ya Wayahudi kuchukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, Hanania alitangaza kwamba ndani ya miaka 2 wangerudi. Neno tamu! Hata Yeremia aliitikia Amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini Mungu hakumtuma Hanania. Yeremia akawaandikia mateka barua: wajenge, walime bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji walimo, kurudi ni baada ya miaka 70.

Hanania alitoa tumaini la tarehe. Tarehe ikipita, tumaini nalo linakufa. Sisi tunalijua jambo hili. Uvumi unakuja kwamba mwezi ujao majina ya kwenda nchi ya tatu yatabandikwa, na mtu anauza sufuria zake na kumwachisha mtoto shule. Yeremia alitoa tumaini la kazi. Miaka 70 ilimaanisha kwamba wengi waliosomewa barua ile wangefia kule kule. Hata hivyo aliwaambia wapande, kwa kuwa Mungu wao hakubaki Yerusalemu. Alikuwa pamoja nao Babeli.

Lakini tusiseme kwamba mateso ni mema. Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku 7, wakafanya vema. Walipoanza kumwambia kwamba ameteseka kwa dhambi zake, Mungu aliwakasirikia. Kwa hiyo mama aliyepoteza watoto njiani tusimwambie kwamba Mungu alimwadhibu. Waliochoma vijiji vyetu walitenda dhambi, na hawakutumwa na Mungu. Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro, ingawa alijua atamfufua. Kulia si kukosa imani.

Basi maana iko wapi? Hatuioni katika mateso yenyewe. Tunaiona katika yale ambayo Mungu anatuwezesha kuyatenda tukiwa ndani yake: yatima analelewa na jirani wa kabila jingine, na mgawo uliopunguzwa unagawanywa tena kwa mgeni aliyefika jana. Kristo aliubeba msalaba wetu. Nasi tubebeane mizigo.

Kwa hiyo ndugu, panda mpapai wako, wala usiache kuombea safari ya kurudi. Ukirudi Fizi au Uvira kabla haujazaa, atakula mwingine, naye atamshukuru Mungu. Ukiwa bado upo, watakula wanao.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.